Behewa la Mizigo la Uingereza Likisumbua, Ligeuze Chini Kwanza

Behewa lako dogo la treni ya modeli linaanguka relini. Au linakataa kushikana na wenzake, au chasisi imepasuka, au umelipanga kwenye treni na jicho linakataa tu. Usikimbilie bisibisi wala supa gluu. Ligeuze chini, washa taa, usome kilichoandikwa tumboni.

Nasisitiza hili kwa sababu mabehewa ya mizigo ya Uingereza ya ukubwa wa OO (kipimo cha kawaida cha modeli za Uingereza) yana ukoo wenye mkanganyiko. Hornby Dublo ilianza mwaka 1938, ikitengenezwa na Meccano Ltd ya Liverpool. Mwaka 1964 Meccano ilichukuliwa na Lines Bros, wenye chapa ya Tri-ang, na baadaye kalibu nyingi za Dublo zikahamia kwa G & R Wrenn. Wrenn nayo ilipofunga mwanzoni mwa miaka ya 1990, kalibu zikaenda Dapol. Kwa hiyo unaweza kuwa na mabehewa matatu yenye mwili uleule, mbao zilezile na hata riveti zilezile, lakini chini yana majina matatu na magurudumu ya aina tofauti. Huku kwingine, mabehewa ya Mainline ya Palitoy yalitengenezwa Hong Kong na Kader, ambao baadaye waliinunua Bachmann. Ukikuta Bachmann ya zamani inafanana na Mainline, hujakosea, ni ndugu wa damu.

Dawa hutegemea ukoo huo. Kinacholiponya behewa la 1995 kinaweza kuliua la 1938.

Linaanguka kila likifika kwenye pointi

Likitembea vizuri kwenye reli iliyonyooka kisha likaruka pale njia inapogawanyika, pima kwanza nafasi kati ya migongo ya magurudumu mawili yaliyo kwenye ekseli moja. Tumia kalipa, usikadirie kwa macho. Behewa la kisasa la OO linatakiwa kusoma karibu milimita 14.5. Magurudumu ya zamani mara nyingi husoma chini ya 14, na hapo migongo yake huibana ile reli fupi ya ulinzi iliyoko kwenye pointi, gurudumu likapanda juu na behewa likalala ubavu.

Kama magurudumu ni ya chuma yaliyosukumwa kwenye ekseli, yanaweza kuvutwa kidogo kidogo huku ukizungusha, ukipima kila mara. Kama ni ya plastiki yaliyomiminwa pamoja na ekseli, usihangaike nayo. Toa seti nzima, weka mpya yenye kipenyo cha milimita 12.6, halafu ile ya zamani itie kwenye mfuko mdogo, uandike imetoka kwenye behewa gani na uihifadhi ndani ya boksi lake. Usiitupe. Mtu atakayelinunua behewa hilo miaka ishirini ijayo ataulizia magurudumu yake.

Sababu ya pili ni ukingo wa gurudumu. Vichezeo vya miaka ya 1950 vilikuwa na kingo ndefu kwa sababu reli za wakati ule zilikuwa nene. Ukiliweka behewa la namna hiyo kwenye reli nyembamba ya kodi 75, yenye kimo cha milimita 1.9 hivi, utasikia kelele kama mtu anayekwaruza kitana. Ni ukingo unaogonga vishikizo vya reli. Hapo behewa halina kosa, limepelekwa tu kwenye reli isiyo yake. Lipe reli ya kodi 100 au liache kabatini.

Kama vipimo vyote viko sawa na bado linaanguka, liweke juu ya kioo cha dirisha na ubonyeze pembe moja baada ya nyingine kwa kidole. Likiyumba kama stuli yenye mguu mmoja mfupi, chasisi imepinda. Hili huwapata sana mabehewa yaliyouzwa vipande vipande ili mnunuzi ajiungie mwenyewe, yale ya Parkside au Cambrian, pale mjenzi alipogandisha pande mbili bila kuziweka juu ya kitu bapa. Mara nyingi nusu milimita tu inatosha kuliangusha.

Uzito nao una neno. Wengi tunakwenda kwa gramu 25 kwa kila ekseli, maana yake gramu 50 kwa behewa la ekseli mbili. Behewa tupu la plastiki linaweza kuwa na gramu 25 au 30 tu, na likiwa katikati ya treni ndefu kwenye kona huvutwa kuelekea ndani likaanguka.

Lakini uzito wenyewe uwekwe kwa uangalifu. Niliwahi kununua behewa la makaa la mbao saba kwenye mnada mdogo wa ukumbi wa kanisa kule Yorkshire, zuri, rangi haijaguswa. Baada ya miezi kadhaa sakafu yake ikaanza kuvimba. Nikaifungua kwa ncha ya kisu na kukuta punje za risasi zilizogandishwa kwa gundi nyeupe ya seremala. Punje zote zilikuwa zimevaa unga mweupe na zimetanuka, na unga huo ndio ulioisukuma plastiki mpaka ikapasuka kwenye kona. Gundi ile hutoa asidi kidogo, risasi huliwa na kugeuka kabonati, na kabonati hujaza nafasi kubwa kuliko risasi yenyewe. Tumia nati za chuma au vipande vya uzito vyenye gamu ya kubandika. Ukilazimika kutumia risasi, ishike kwa epoksi.

Halizunguki, linaburuzwa

Ng'oa magurudumu, uangalie ncha za ekseli kwa kioo cha kukuzia. Karibu mara zote utakuta nywele, na nyuzi za zulia kama treni huchezewa sakafuni. Zitoe kwa kibano. Kama tundu linaloshika ncha ya ekseli limeliwa na kuwa refu, weka kikombe kidogo cha shaba. Usitie mafuta ya cherehani: hukusanya vumbi, na baadhi ya mafuta hulainisha plastiki. Unga kidogo wa grafaiti kavu unatosha. Angalia pia kama kiatu cha breki cha plastiki kinagusa gurudumu, kwa sababu mabehewa mapya yenye maelezo mengi husafirishwa mbali na viatu hivyo hupinda njiani.

Umeliweka relini, umeme wote umekatika

Hili hutisha watu bure. Mpaka 1959 Hornby Dublo walitumia reli tatu, umeme ukipita katikati, kwa hiyo magurudumu ya chuma ya mabehewa yale hayakuhitaji kutenganishwa. Ukiliweka behewa hilo kwenye reli mbili za leo, ekseli yake inaunganisha upande huu na ule, ikawa shoti. Transfoma haijafa. Liondoe behewa, umeme utarudi, kisha tafuta seti ya magurudumu yaliyotenganishwa au yale ya plastiki ambayo Dublo wenyewe walikuja kuyatumia.

Hayashikani

Hapa pana angalau familia nne. Dublo ya baada ya vita ina ndoano ya chuma au plastiki ya aina ya Simplex iliyobuniwa na Peco. Tri-ang walileta kitanzi na ndoano kikubwa ambacho ndicho kikaja kuwa kiungio cha kawaida cha Uingereza, na baadaye kikapunguzwa ukubwa. Mabehewa ya karne hii huwa na kijisanduku cha NEM (kiwango cha Ulaya cha treni za modeli), kiungio huchomekwa na kuchomolewa kwa mkono. Halafu wapo wanaotumia Kadee ya Marekani.

Kikubwa na kidogo cha Tri-ang vikikataana, tatizo mara nyingi ni kimo. Yasogeze mabehewa mawili yakutane kwenye reli bapa, inama macho yawe usawa wa meza, uone kama kitanzi kimoja kinapita chini ya ndoano ya mwenzake. Kwenye kijisanduku cha NEM unaweza kununua kiungio chenye shingo iliyopinda kushuka au kupanda. Kwenye behewa la zamani, kiungio kilicholegea huwa kinahitaji tu kukazwa riveti.

Dublo na Tri-ang hazitaungana, na ninakuomba usikate kiungio cha Dublo ili kulazimisha ndoa hiyo. Chukua behewa moja bovu lisilo na thamani, liwekee kiungio cha Dublo mbele na cha Tri-ang nyuma, liwe ndilo daraja kati ya mafungu mawili. Mabehewa mengine yote yabaki kama yalivyotoka kiwandani.

Chasisi ina nyufa kama tope lililokauka

Kaa chini kwanza, kwa sababu hili halina tiba.

Chasisi za chuma za kumimina zilitengenezwa kwa mazaki, mchanganyiko wa zinki na aluminiamu kidogo. Mchanganyiko ulipochafuliwa, hasa na risasi, chuma huanza kuliwa kutoka ndani, kwenye mipaka ya punje zake. Mabehewa ya Dublo ya kabla ya vita, yenye mwili wa bati lililochapwa juu ya chasisi ya kumimina, ndiyo yanayougua zaidi. Dalili huja kwa hatua: kwanza rangi ya chini inakuwa na mistari kama utando wa buibui, kisha chasisi inarefuka na kujikunja, mwili wa bati unaanza kunyanyuka pembeni, na mwisho ukilishika linavunjika kama biskuti kavu.

Ukiona mistari tu, usilikaze skrubu, usinyooshe kilichopinda, usitie gundi ndani ya ufa. Litoe kwenye reli, lipige picha kila upande, uliweke mahali pakavu pasipopanda joto. Unyevu na joto ndivyo vinavyoharakisha. Kwa wenzangu mnaohifadhi mabehewa Mombasa, Tanga, Unguja au Muscat hili ni zito kuliko kwa mtu wa Leeds: sanduku la plastiki lenye mfuniko unaobana, vifuko vya silika ndani, na mbali na ukuta wa nje. Vifuko vibadilishwe au vikaushwe, visikae humo miaka mitano vikiwa vimeshashiba maji.

Kama mwili wa bati bado mzima na chasisi imekwisha, chasisi mbadala inakubalika, mradi uiseme wazi unapouza.

Mwili wa plastiki umejikunja, boksi linanuka siki

Vichezeo vya Rovex, walioitangulia Tri-ang Railways, vya mwanzoni mwa miaka ya 1950 vilitumia asetati ya selulosi. Plastiki hii hunywea na kupinda kadiri inavyozeeka, na harufu ya siki ni ushahidi kwamba inaoza. Usiitie kwenye maji ya moto ukidhani utainyoosha. Itenge na mabehewa mengine, ipate hewa. Na usilipange pamoja na mabehewa yenye chasisi za mazaki, mvuke huo ni asidi.

Kagua pia sponji zilizomo kwenye maboksi. Sponji ya zamani hugeuka nta na kunata kwenye rangi, na mipira ya kufungia boksi huacha mstari ambao hautoki. Badala yake funga kwa karatasi laini isiyo na asidi.

Maandishi yamefutika

Karibu kila mara mwenye behewa ndiye aliyeyafuta, kwa spiriti. Behewa la makaa lililochapwa jina la mwenye mgodi lina thamani kwa sababu ya maandishi hayo, na spiriti huyaondoa kabla ya kuondoa uchafu. Brashi laini ya vipodozi, halafu pamba ya masikio iliyolowanishwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, ukianzia chini ambako hakuna anayeangalia. Basi.

Linatembea vizuri, lakini treni haionekani sawa

Hili ndilo tatizo ninalolipenda, kwa sababu ufumbuzi wake uko kwenye historia na rula.

Anza na rula. Kwenye OO, milimita 4 ni futi moja ya kweli. Behewa la makaa la tani 12 lililojengwa kwa kanuni za 1923 za Railway Clearing House, chombo cha pamoja cha makampuni ya reli, lilikuwa na urefu wa futi 16 na inchi 6 bila bafa, na futi 9 kati ya ekseli. Kwenye meza yako hiyo ni milimita 66 na milimita 36. Behewa la kufunikwa la British Railways la tani 12 lilikuwa futi 17 na inchi 6, ekseli futi 10, yaani milimita 70 na 40. Sasa pima behewa lako la makaa. Ukisoma 40 kati ya ekseli, mtengenezaji aliweka chasisi moja chini ya kila kitu ili kuokoa gharama, na mwili umevutwa uikidhi. Ndiyo sababu linaonekana refu na jembamba ukiliweka kando ya la kisasa. Halitengenezeki. Liweke kwenye fungu la mabehewa ya umri wake.

Magurudumu yakionekana yamebanana ndani, si kosa la behewa lako. OO hupita juu ya reli ya milimita 16.5, wakati reli halisi ya milimita 1435 kwa kipimo hicho ingekuwa 18.83. Kila behewa la OO liko hivyo.

Baada ya rula, rangi. Mwaka 1923 reli za Uingereza zilikusanywa kwenye makampuni manne makubwa: GWR (Great Western), LMS (London, Midland and Scottish), LNER (London and North Eastern) na Southern. GWR walipaka kijivu kizito. LMS walikuwa kijivu mpaka 1936, wakahamia rangi ya boksiti, nyekundu ya udongo. Southern kahawia iliyoiva. LNER kijivu kwa mabehewa yasiyo na breki ya vakyumu (breki inayoendeshwa kutoka kwenye injini) na nyekundu kwa yenye nayo. Katikati ya miaka ya 1930 herufi kubwa zilizojaza ubavu zilipunguzwa, zikawa ndogo pembeni. Kwa hiyo behewa la LMS la boksiti likifuatana na la GWR lenye herufi kubwa mno haliwezekani kwa treni mpya zilizopakwa rangi mwaka uleule, ila linawezekana kabisa ukiacha miaka michache ipite, kwa sababu hakuna aliyepaka upya behewa lenye rangi nzima. Nawasihi wanaoanza wasiogope mchanganyiko. Treni ya mizigo ya 1938 ilikuwa mchanganyiko.

Kosa la kweli ni hili: safu ya mabehewa ya makaa yenye majina ya rangi za kung'aa nyuma ya injini ya British Railways ya 1960. Vita vilipoanza 1939 mabehewa ya watu binafsi yalichukuliwa na serikali na kutumiwa kwa pamoja. Tarehe 1 Januari 1948 reli zilitaifishwa zikawa British Railways, na mabehewa hayo, zaidi ya laki tano, yakawa mali ya umma. Hayakupakwa rangi upya. Majina yalififia, mbao mpya zisizo na rangi zikawekwa palipooza, na namba mpya ikaandikwa pembeni ikianza na herufi P. Ukitaka kuyatumia na injini ya 1955, yachafue: kijivu chepesi juu ya maandishi, mbao mbili tatu rangi ya mti mtupu, kibandiko kidogo cheusi chenye namba ya P.

Herufi nyingine za namba zitakusaidia kujua umri: B ni behewa lililojengwa na British Railways, M lilitoka LMS, E lilitoka LNER, W lilitoka GWR, S Southern. Kwenye rangi za British Railways, kijivu ni lisilo na breki ya vakyumu, boksiti ni lenye nayo. Ukiona XP ubavuni na kipimo cha ekseli karibu yake, behewa hilo liliruhusiwa kuingia kwenye treni za kasi za abiria.

Kwenye behewa la chuma la tani 16 angalia mstari mweupe ulioinama. Unapanda kuelekea upande wenye mlango wa mwisho, ule uliofunguliwa behewa lilipoinamishwa kumwaga makaa. Nimekuta mabehewa yaliyounganishwa na mtu nyumbani, mstari unapanda kushoto na mlango uko kulia. Kugeuza mwili juu ya chasisi hakusaidii, kwa sababu mstari na mlango vyote viko kwenye mwili; mstari wenyewe ndio wa kusahihishwa.

Likiandikwa jina la mnyama, usidhani ni utani wa kiwandani. GWR walitumia majina mafupi kwenye telegramu: Toad ni behewa la gadi, Mink ni la kufunikwa, Macaw la kubebea magogo na vyuma virefu, Crocodile la mizigo mizito, lililozama katikati. British Railways wakawapa mabehewa ya matengenezo ya reli majina ya viumbe wa baharini: Shark, Dogfish, Catfish, Grampus, Mermaid. Dogfish lililojaa makaa ya nyumbani ni kosa, humo hukaa kokoto za reli.

Mwisho kabisa angalia mkia wa treni. Mabehewa yasiyo na breki ya vakyumu yaliunganishwa kwa minyororo ya pingu tatu, na treni ikiwa mwendoni breki pekee zaidi ya ile ya injini ilikuwa mikononi mwa gadi, neno ambalo hata reli zetu zililichukua. Yeye alikaa nyuma, kwenye behewa la tani 20 lenye gurudumu la breki la kuzungusha kwa mkono, akaizuia minyororo isishtuke treni inaposhuka mlima. Treni ya makaa ya miaka ya 1950 isiyo na behewa hilo nyuma haikuruhusiwa kuondoka. Kama unalo la GWR, ukumbi wake uko upande mmoja tu, na taa nyekundu ya mkia inaning'inia upande wa nyuma kabisa.